PDU zimefika 61.25 lakini mfumo unasema sijatimiza masharti. Nimekosea wapi?

#1 Bwana_Kiporo
Wakuu, salamu.

Cheti changu cha PMP, kile cha umeneja miradi kinachotolewa na PMI, kinaisha muda baada ya wiki saba. Masharti ya kukihuisha nayajua: PDU 60, yaani vipimo vya kujiendeleza kitaaluma, ndani ya miaka mitatu, saa moja ya kujifunza ni PDU moja. Nimekusanya, nimeingiza, jumla inasoma 61.25. Nilitegemea nikifungua nikute kitufe cha kulipia. Hakuna. Kuna mstari tu unaoniambia bado sijakamilisha.

Kinachonitoa jasho zaidi, wiki mbili nyuma naapa jumla ilikuwa 63.25. PDU 2 zimeyeyuka na mimi sijagusa kitu.

Hilo la kwanza. La pili ndilo linaloniwasha: hivi hizi PDU zina maana gani hasa? Nina miaka kumi na moja kwenye miradi, mtihani nilishinda mara ya kwanza. Nani aliamua kwamba nisipotazama webina nitasahau kupanga ratiba?

#2 Kamba_Ndefu
Kwanza jina lako limeshakusema. Wiki saba kati ya miaka mitatu ndiyo unaamka?

Pili, 60 ni jumla. Jumla haisemi kitu. Weka mchanganuo.

#3 Mama_Ratiba
Nakazia hapo #2. Watu wanakodolea macho jumla, masharti yenyewe yako ndani.

Za kujielimisha lazima zifike 35 au zaidi. Ndani ya hizo, kila pembe ya ile pembetatu ya ujuzi ya PMI iwe na angalau 8. Pembe ya kwanza Ways of Working, yaani mbinu na namna ya kuendesha kazi. Ya pili Power Skills, uongozi, mawasiliano, kuishi na watu. Ya tatu Business Acumen, kuijua biashara ambayo mradi unaihudumia. Nane mara tatu ni 24, zile 11 zinazobaki utaziweka pembe unayopenda.

Upande wa pili ni kutoa mchango: kujitolea, kufundisha, kuandika, kulea wengine, na kazi yako ya kila siku. Upande huo wote kikomo ni 25. Na si lazima uwe nao kabisa, unaweza kumaliza zote 60 kwa kujielimisha.

#4 Fundi_Hatari
Mbona mnamtisha mwenzenu. Za kazi ya kila siku unajaza 8 kila mwaka. Miaka mitatu 24, karibu nusu ya safari imeisha hujanyanyuka kwenye kiti.

#5 Mzee_Gantt
Fundi, 8 hiyo ni ya mzunguko mzima, si ya mwaka. Tena iko ndani ya zile 25, haisimami peke yake.

Huenda umesikia habari za enzi zetu. Kabla ya Desemba 2015 kazi yako ilikupa 5 kila mwaka, 15 kwa mzunguko, na kutoa mchango kote kulifika 45. Pembetatu haikuwapo. Mzunguko wangu wa kwanza niliumaliza kwa hizo 45 na vikozi vichache, maisha yakaendelea. Ndipo ikaja pembetatu, na 2022 wakabadilisha majina ya pembe zenyewe. Ukiwa na cheti cha kozi ya zamani kimeandikwa Technical, Leadership au Strategic and Business Management, usitupe. Ni pembe zile zile zimevaa nguo mpya.

#6 Fundi_Hatari
Nimenyooshwa, mzee, asante. Ila ngoja nikachungulie akaunti yangu maana mimi nimekuwa nikijihesabia hizo 8 kila Januari.

#7 Kamba_Ndefu
@Fundi_Hatari na jina lako nalo limekusema. Leo ni siku ya majina.

#8 Bwana_Kiporo
Haya, mchanganuo huu hapa.

Kujielimisha 36.25. Ways of Working 22.5, Power Skills 7.25, Business Acumen 6.5.
Kutoa mchango 25. Za kazi 8, za kujitolea 17 (nilisaidia kuandaa mkutano wa tawi, na nimekuwa nikiwalea vijana wawili wanaojiandaa na mtihani).

Jumla 61.25.

#9 Mama_Ratiba
Kesi imekwisha. Power Skills umepungukiwa 0.75, Business Acumen 1.5. Hata ungerundika 200 za Ways of Working, mfumo ungekutazama tu. Umewekewa ndoo tatu, ukashinda unajaza moja mpaka inamwagika.

Kaa chini wikiendi moja, tazama webina mbili za biashara na moja ya uongozi, umemaliza.

#10 Kamba_Ndefu
Meneja mradi aliyeshindwa kusoma wigo wa mradi wake mwenyewe. Natunza uzi huu kwa ajili ya mafunzo.

#11 Hesabu_Kando
Kesi haijakwisha hata kidogo. Mama_Ratiba amejibu kwa nini mfumo unasema bado. Hajajibu 63.25 ilikwenda wapi, na mtu akipoteza 2 leo atapoteza nyingine kesho.

Dau langu ni marudio. Kuna webina ambazo ukitazama hadi mwisho zinajiandikisha zenyewe kwenye rekodi yako. Mtu hajui, anaingia na kuziandika tena kwa mkono. Zinakaa mbili mbili, kisha ile ya ziada inaondolewa. Webina mbili za saa moja moja, hizo hapo 2 zako.

#12 Kichwa_Maji
Hapana. Tazameni ile 25 ya kutoa mchango. Ishirini na tano kamili, juu ya alama! Hakuna binadamu anayejitolea saa 17 bila hata robo ya ziada. Kiporo aliingiza 19, akawa na 27, ikakatwa kwenye kikomo. 27 kutoa 25 ni ngapi?

#13 Hesabu_Kando
@Kichwa_Maji umenikosesha usingizi na hiyo. Lakini basi kwa nini ikatwe wiki mbili zilizopita na si siku aliyoingiza?

#14 Kichwa_Maji
Hilo muulize mfumo, mimi nina hesabu tu.

#15 Bwana_Kiporo
Wakuu, kukiri si dhambi. Saa za kujitolea nilikadiria. Nilijua mwisho ni 25, nikajua za kazi ni 8, nikajaza kilichobaki. Lakini 19 sikumbuki kuandika. Webina za kujiandikisha zenyewe nilizitazama, ndiyo. Kama niliziandika tena kwa mkono pia sikumbuki.

#16 Kamba_Ndefu
Kwa hiyo shahidi mkuu hakumbuki kitu.

#17 Fundi_Hatari
Mimi nadhani ni tarehe. Aliingiza shughuli iliyofanyika kabla mzunguko haujaanza. Mfano zile saa 35 za mafunzo alizosoma kabla ya mtihani, kipande chake.

#18 Mama_Ratiba
Hilo la tarehe linawezekana, na nitumie nafasi hii kuua kosa moja sugu. 35 ziko mbili! Saa 35 za mafunzo kabla ya mtihani ni tiketi ya kuingilia chumba cha mtihani, hazihesabiki tena baada ya hapo. PDU 35 za kujielimisha ni nyingine, zinaanza kuhesabiwa siku umepata cheti. Nimeona watu wakiingiza kozi yao ya mtihani wakidhani wameanza na mtaji.

Na jingine kwenye tarehe: mzunguko hauanzi Januari. Unaanza siku uliyofaulu. Mtu anamaliza kozi Februari, cheti kakipata Machi, anashangaa.

#19 Bwana_Kiporo
Kozi ya mtihani sikuingiza, hilo nina hakika.

Nimepata wazo. Nina kozi moja ya siku mbili, saa 14, nimeibwaga yote Ways of Working. Alasiri nzima ya siku ya pili ilikuwa majadiliano na namna ya kusuluhisha ugomvi kwenye timu. Hiyo si Power Skills? Nikihamisha saa tatu kutoka ndoo hadi ndoo, Power Skills inakuwa 10.25 bila kutazama chochote.

#20 Mzee_Gantt
Kozi moja kuigawa kwenye pembe zaidi ya moja inaruhusiwa, ndiyo maana fomu ina visanduku vitatu. Swali ni je, mtaala wa kozi unasema hivyo, au unasema wewe leo kwa sababu umebanwa? Kama karatasi ya mtaala ina kichwa cha habari cha majadiliano na saa zake, gawa bila wasiwasi. Kama ni mwalimu tu alipiga soga baada ya mapumziko, acha ilivyo.

Mimi binafsi rekodi iliyokwisha kukubaliwa siigusi. Webina ya saa moja inakumalizia shida hiyo.

#21 Kichwa_Maji
Mzee, hiyo ni imani yako tu. Kurekebisha rekodi iliyokosewa ni haki ya mtu. Aliweka makosa, anasahihisha. Ubaya uko wapi?

#22 Binti_Jalada
Ubaya uko kwenye ukaguzi, kaka. Ngoja niwape yangu.

Nilichaguliwa kwa bahati nasibu, maana ukaguzi wa PDU hauchagui mkosaji, unaokota tu. Barua pepe iliingia Ijumaa jioni, nimeshafunga kompyuta, nikaiona kwenye simu. Leta ushahidi wa ulichodai. Nikajiona salama kwa sababu nilikuwa na folda. Nikaifungua folda.

Cheti cha kwanza, jina langu limekosa herufi moja. Cha pili, tarehe ya kozi ni ya kuchapishwa cheti, si ya mafunzo, na mimi nilikuwa nimeandika ya mafunzo. Cha tatu hakikuwapo kabisa. Kampuni iliyotoa kozi hiyo ilikuwa imeshafungwa, barua pepe yangu kwao ikarudi kama ilivyokwenda. Saa 7 zinaning'inia.

Kilichoniokoa ni daftari. Nina tabia ya kuandika darasani, tarehe juu kushoto, jina la mwalimu, mada, na saa tulizoanza na kumaliza kwa sababu nilikuwa nachukia walimu wanaochelewesha watu. Nikapiga picha kurasa zile, nikaongeza risiti ya malipo na ule ujumbe wa kukaribishwa kwenye kozi. Wakakubali.

Tangu hapo kila shughuli ina folda yake, ndani kuna cheti, mtaala na picha ya maelezo yangu. Na msifute mkishahuisha! Vitunzeni miezi 18 baada ya mzunguko kwisha, wanaweza kurudi nyuma.

Kwa hiyo Kiporo, ukihamisha zile saa tatu jiulize picha ya ukurasa wa daftari itasema nini.

#23 Bwana_Kiporo
Daftari lenyewe sina. Nilikuwa nasikiliza huku nikijibu barua pepe za kazini.

#24 Kamba_Ndefu
😂😂 Power Skills hizo.

#25 Hesabu_Kando
Dada Binti_Jalada, swali. Vitabu? Mimi nina saa nyingi za kusoma. Hakuna cheti cha kusoma kitabu.

#26 Binti_Jalada
Kusoma kunahesabiwa kwenye kujielimisha. Ushahidi wake ni maelezo yako: jina la kitabu au makala, tarehe ulizosoma, uliokota nini na kinahusianaje na kazi. Aya mbili tatu zinatosha. Ila ziandike siku hiyo hiyo. Ukiandika miaka miwili baadaye utajikuta unatunga hadithi.

#27 Niliyesimamishwa
Nimekuwa nikisoma kimya, lakini hili la wiki saba limenigusa.

Mimi nilipitiliza. Siku ya mwisho ilipita niko katikati ya makabidhiano ya mradi, nikasema nitafanya wiki ijayo. Hali ikabadilika: umesimamishwa. Hapo una mwaka mmoja wa kukamilisha, lakini katika mwaka huo huruhusiwi kujiita PMP. Nilikaa nikafuta zile herufi tatu kwenye sahihi ya barua pepe. Halafu kwenye wasifu wangu wa mtandaoni. Halafu kwenye slaidi ya kwanza ya wasilisho la mteja, mwenzangu akiwa amesimama nyuma yangu akiuliza kwa nini naifuta. Kufuta herufi tatu kuna aibu kuliko mnavyofikiri.

Nilikamilisha mwezi wa nne wa kusimamishwa. Nikadhani mzunguko mpya utaanza siku hiyo. Wapi! Tarehe hazisogei. Mzunguko uliofuata ulikuwa umeshaanza zamani, nikabaki na miaka miwili na miezi minane ya kupata 60 nyingine.

Mwaka huo ukipita bila kukamilisha cheti kinakufa, unaanza upya na maombi na mtihani. Mtihani niliofanya mimi 2021 ulikuwa maswali 180 ndani ya dakika 230. Siwezi kurudi mle.

#28 Mzee_Gantt
Wetu ulikuwa maswali 200, saa nne. Vijana mmedekezwa.

#29 Mama_Ratiba
@Niliyesimamishwa pole, na ahsante kwa kusema. Wengi hufanya siri.

#30 Kichwa_Maji
Sasa turudi kwenye swali la pili la mleta uzi, mmelikwepa kijanja.

Ni pesa. Nilipohuisha mara ya mwisho nililipa dola 60 kwa sababu ni mwanachama, asiye mwanachama alikuwa analipa 150. PMP ipo tangu 1984. Zidisha mwenyewe. Cheti kisichoisha muda hakilipiwi tena, cheti kinachoisha kinalipiwa kila baada ya miaka mitatu. Elimu ni kitambaa cha meza, kiinueni mtaona mbao.

#31 Mzee_Gantt
Dola 60 kwa miaka mitatu ni 20 kwa mwaka. Ukitaka kumnyonya mtu utatafuta njia bora kuliko hiyo, Kichwa_Maji. Pesa ipo, sikatai, lakini si sababu.

Sababu ni kwamba kazi yenyewe haikai pale ulipoiacha. Toleo la sita la PMBOK, kitabu cha mwongozo cha PMI, 2017, lilikuwa na michakato 49, makundi matano, maeneo kumi ya maarifa. Tulikariri lile jedwali hadi kwenye ndoto. Toleo la saba, 2021, likaja na kanuni 12 na nyanja nane za utendaji, jedwali halikuonekana tena katikati ya kitabu. Na kuanzia Januari 2021 karibu nusu ya mtihani ikawa ya Agile, yaani kuendesha kazi kwa vipande vifupi vifupi, na mseto wake na mbinu za zamani. Mtu aliyefaulu kabla ya hapo na mtu aliyefaulu baada wana herufi zile zile tatu. Bila PDU wangekuwa wanaongea lugha mbili.

#32 Kichwa_Maji
Na nani kathibitisha kwamba aliyefaulu zamani alitumia PDU zake kujifunza hayo mapya? Kiporo kajaza 22.5 za Ways of Working, muulize kanuni 12 ni zipi.

#33 Bwana_Kiporo
Jamani mbona mimi.

#34 Binti_Jalada
Mimi naona sababu ya tatu, na wala haimhusu aliye na cheti. Inamhusu anayeajiri. Akiona PMP anataka kuamini kwamba mtu huyu bado yuko kazini, bado anashughulika na mambo haya, si kwamba alifaulu mtihani akaenda zake kuuza mitumba. PDU ni kama saini ya mahudhurio. Haisemi umejifunza, inasema ulikuwepo.

#35 Hesabu_Kando
Hoja nzuri, ila kuna inayopingana nayo. Tazama vyeti vya Scrum, mbinu mojawapo ya Agile. PSM ya Scrum.org haiishi muda. Unafaulu, yako hadi kaburini, na waajiri wanaiheshimu. CSM ya Scrum Alliance kinyume chake: kila miaka miwili uhuishe, vitengo 20 vya elimu na ada juu. IPMA, chama kingine cha kimataifa cha mameneja miradi, wao ni kila miaka mitano. Kila mmoja ana sababu zake nzuri na kila mmoja ana muda tofauti. Kama maarifa ya meneja mradi yanachacha, yanachacha baada ya miaka miwili, mitatu au mitano?

#36 Kamba_Ndefu
Au hayachachi.

#37 Mzee_Gantt
CAPM yenyewe, cheti cha PMI cha wanaoanza, zamani haikuwa na PDU, ulirudia mtihani kila miaka mitano. Sasa ni PDU 15 kwa miaka mitatu. Waulize wenye nayo wangechagua ipi.

#38 Mkesha_wa_Webina
Naomba niseme kitu na msinipige mawe. Mzunguko uliopita nilikuwa nawasha webina usiku, nazima sauti, nalala. Asubuhi PDU iko mezani.

#39 Kamba_Ndefu
Hilo jina hukulichagua, ulizaliwa nalo.

#40 Mama_Ratiba
Na kuna kanuni za maadili ulizokubali siku ya kwanza. Uwajibikaji, heshima, haki, ukweli. Manne tu. Umelalia la mwisho.

#41 Mkesha_wa_Webina
Najua, na ndiyo maana sasa sifanyi. Sikia kilichonitoa. Usiku mmoja sauti sikuizima vizuri. Nikaamka saa tisa hivi, mama mmoja kwenye webina anaeleza kwamba kwenye mikutano ya maendeleo yeye haulizi "tumefika asilimia ngapi". Anauliza "nini kilichobaki kabla hujasema imekwisha?" Kisha ananyamaza. Nikalala tena.

Wiki iliyofuata niko kwenye kikao, kijana wa mifumo anasema moduli imefika asilimia 90. Ilikuwa 90 tangu mwezi uliopita. Nikamuuliza swali lile la yule mama na nikanyamaza kama yeye. Kijana akaanza kuhesabu kwa vidole, akafika vitu sita, kimoja kikiwa ruhusa ambayo hakuna aliyeiomba. Ruhusa yenyewe ilichukua wiki tatu.

Kwa hiyo mtu aliyelala alipata kitu. Sijui hii inathibitisha upande gani.

#42 Kichwa_Maji
Inathibitisha kwamba saa 59 nyingine zilikuwa za kulala.

#43 Bwana_Kiporo
Niongeze na langu. Kati ya zile 61.25, nikiulizwa ni wapi nilijifunza kweli, si kwenye kozi ya saa 14. Ni kwa wale vijana wawili.

Mmoja aliniuliza, "Kaka, kwa nini akiba ya dharura inaingia kwenye bajeti ya msingi lakini akiba ya menejimenti inabaki nje?" Nikafungua mdomo, nikaufunga. Jibu la mtihani nalijua: moja ni ya hatari tulizozitambua, nyingine ni ya tusizozijua. Akasema sawa, lakini kwa nini hiyo ifanye moja iwe ndani na nyingine nje? Nikamwambia tutaongea Jumamosi.

Jumatano usiku nikakaa na bajeti ya mradi wangu mwenyewe. Nikagundua nilikuwa nimezichanganya akiba zote mbili kwenye mstari mmoja na kuziita "tahadhari". Kila nikitaka kutumia senti ya hatari niliyokwisha kuipangia, napanda ngazi kuomba idhini, kwa sababu kwa jinsi nilivyoandika yote ilikuwa ya wakubwa. Miaka kumi na moja hiyo. Nilizitenganisha Alhamisi.

Sasa angalieni: kule nilikojifunza ndiko kuna kikomo cha 25. Kule nilikokuwa najibu barua pepe hakuna kikomo.

#44 Binti_Jalada
Hapo umenena, Kiporo.

#45 Mzee_Gantt
Kikomo kina sababu. Kilipokuwa 45 wengine tuliandika "kulea" hata tukikunywa chai na mtu. Nimesema "wengine", sikutaja jina.

#46 Kichwa_Maji
Na cha kujielimisha kisicho na kikomo tumeona Mkesha alikifanyia nini. Kwa hiyo sababu ya mzee inakata pande zote.

#47 Hesabu_Kando
Mimi bado niko kwenye zile 2.

#48 Bwana_Kiporo
Mrejesho, wakuu. Wikiendi nimetazama webina mbili za biashara na moja ya uongozi, macho wazi, daftari mkononi, tarehe juu kushoto kama dada Jalada. Saa 14 sikuzigusa. Business Acumen 8.5, Power Skills 8.25, jumla 64.25. Kitufe cha malipo kimetokea, nimeshalipa.

Maswali mawili ya mwisho. Hizi 4.25 za ziada zinahamia mzunguko ujao? Na zile 2 sijazipata.

#49 Mama_Ratiba
Hongera. Zinahamia zile tu ulizopata mwaka wa tatu wa mzunguko, mwisho 20. Ukizidisha mwaka wa kwanza zinabaki huko huko, kwa hiyo wanaojisifu wamemaliza 60 ndani ya miezi sita wasiendelee kurundika.

#50 Hesabu_Kando
Kiporo, unaporudi kwenye orodha panga kwa tarehe uone kama kuna webina yenye jina moja iliyojitokeza mara mbili. Naomba tu.

#51 Bwana_Kiporo
Nimepanga. Hakuna pacha. Ila kuna webina moja ambayo naapa niliitazama na haipo kabisa. Au niliitazama kwenye akaunti ya ofisi.

#52 Kichwa_Maji
Ni 19. Aliandika 19.

#53 Fundi_Hatari
Wakuu, nimechungulia akaunti yangu. Zile za kazi mfumo umenihesabia 8, si 24. Nilidhani nina 58, kumbe 42. Nina miezi miwili. Webina za Business Acumen ziko wapi?

#54 Kamba_Ndefu
Weka mchanganuo.